Mara ya Tatu Bi Fusae Hukubali

Bi Fusae alizaliwa Kyoto, na mtu wa Kyoto ukimpa kitu atakikataa mara mbili hata kama anakifia. Mara ya kwanza hukataa kwa sababu ndiyo adabu. Mara ya pili hukataa usije ukadhani ile ya kwanza ilikuwa utani. Mara ya tatu, ukimsisitiza, huinamisha kichwa, husema, "Haya basi, kama haitawasumbua," na hukipokea kwa mikono miwili. Sasa wewe mwulize mara moja tu uende zako! Atakuaga kwa tabasamu, na moyoni atakusema miaka saba.

Aliolewa Osaka, mahali ambapo mtu hupokea chenza kabla hujamaliza kulinyoosha, na miaka sitini ya kukaa na watu wa namna hiyo haikumbadilisha hata chembe. Sasa alikuwa na miaka themanini na mitatu, mjane, anaishi peke yake ghorofa ya tatu katika jengo namba saba la mtaa wa Hinokidai. Alijipikia, alijifulia, na takataka zake alizishusha mwenyewe siku zake bila kukosea. Jengo halina lifti. Mwanawe wa pekee, Nobuaki, alikuwa mkaguzi wa lifti kule Nagoya. Majirani walishalicheka hilo mpaka wakachoka.

Kila Alhamisi ya pili alikuja nesi aitwaye Ogata, binti wa miaka thelathini, kumpima presha. Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja alimaliza kupima, akatoa karatasi na chupa ya plastiki yenye mdomo mpana.

"Bibi, hii ni karatasi ya siku ambayo hutaweza kusema mwenyewe," akamwambia. "Unaandika sasa, akili yako ikiwa timamu, unachotaka na usichotaka. Tunaikunja, tunaitia kwenye chupa, na chupa inakaa kwenye friji."

"Kwenye friji? Haitaota ukungu?"

"Haioti kitu. Watu wa ambulensi wanajua kila nyumba ina friji. Wakiingia, ndiko wanakoenda kwanza."

Bi Fusae akashtuka. "Wanafungua friji langu? Watu wageni?" Na siku mbili zilizofuata alikuwa akisugua rafu za friji, akatupa mitungi mitatu ya achari iliyopitwa na wakati, ili siku akizimia asije akaaibika.

Karatasi yenyewe ilikuwa na maswali manne. Ukishindwa kula kwa mdomo, uwekewe mpira wa kulishia tumboni? Pumzi ikikatika, uwekewe mashine? Ungependa siku zako za mwisho ukae wapi? Nani akusemee? Bi Fusae akachukua kalamu yake ya brashi, akajibu yote manne kwa mwandiko ambao ungeutia fremu ukautundika ukutani: *Nawaachia nyinyi, mtakavyoona inafaa.*

Nesi Ogata aliporudi akaisoma, akajiuma mdomo asicheke.

"Bibi, hili si jibu."

"Si jibu vipi, mwanangu? Hakuna hata nafasi moja niliyoiacha tupu."

"Sisi tunakuuliza wewe, na wewe unatuuliza sisi. Hapo nani kajibu? Tumwite mwanao, tukae watatu, tuzungumze."

"Usimsumbue, ana kazi nyingi."

"Nitampigia leo hii."

"Aa-aa, usimsumbue bure."

"Nimpigie, Bibi?"

"Haya basi, kama haitamsumbua."

Msidhani Bi Fusae alikuwa hajui anachotaka. Alijua, tena vizuri sana. Mumewe, Masaharu, alipigwa na kiharusi akiwa kwenye bustani ya figili, akawekewa mpira wa kulishia, akalala chali akitazama dari miaka mitatu na miezi miwili ndipo akafa. Bi Fusae alimwendea hospitali kila siku ya Mungu. Mpira ule hakuutaka kabisa. Tatizo lake lilikuwa neno moja dogo, *sitaki*. Kwake neno hilo lilikuwa la kuchezea adabu tu. Hakuwahi kulisema akamaanisha mpaka mwisho.

Aliyejua siri hiyo ni mmoja tu, shoga yake Bi Tokiyo wa chini, mwanamke wa miaka themanini na mitano aliyeuza samaki sokoni miaka arobaini na kubaki na sauti ya kazi hiyo. Karatasi yake Bi Tokiyo aliijaza kwa dakika tano, kwa kalamu nene nyekundu: MPIRA HAPANA. MASHINE HAPANA. MKINIKATIA KWA MKASI SWETA LANGU LA BULUU NITAWATOKEA USIKU.

"Mficha uchi hazai, Fusae," alimwambia wakiwa wamekaa kwenye benchi chini ya veranda.

"Nizae nini tena, kwa umri huu?"

"Ndiyo maana nakuambia sema. Haya, tujaribu. Mimi ndiye Nobuaki. Mama, tukuwekee mpira?"

"Labda, kwa kweli, nikifikiria, isingekuwa lazima sana..."

"Ala! Hivyo ndivyo samaki wa jana anavyokataa kuoza. Sema sitaki!"

Walifanya mazoezi wiki nzima. Ilipofika Jumamosi ya mkutano, Bi Fusae alikuwa anaweza kulitamka neno hilo bila kugeuza uso pembeni, na Bi Tokiyo akamkagua mwanafunzi wake, akaridhika.

Nobuaki alifika saa nane mchana, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, kipara kimeanza, ana boksi la keki ndogo za maharage matamu ambazo mama yake anazipenda. Wakakaa kuzunguka meza fupi, yeye, mama yake na Nesi Ogata. Chai ikamiminwa. Wakasifu hali ya hewa, wakaisifu treni kwa kufika kwa wakati, na kisha nesi akaiweka karatasi mpya mezani.

"Bibi, swali la kwanza. Ikitokea umeshindwa kula kwa mdomo, ungependa uwekewe mpira wa kulishia?"

Bi Fusae akavuta pumzi. "Sitaki mpira," akasema.

Lilitoka! Tena lilitoka safi. Mwenyewe alilisikia likikaa hewani, akajisikia kama mtoto aliyevuka mto bila kulowa. Nesi akainua kalamu aandike.

"Ngoja, nesi, usiandike bado," Nobuaki akasema huku akitabasamu, kwa ile sauti ya mtu anayemjua mama yake kuliko dunia nzima. "Mama yangu hukataa kila kitu. Kiyoyozi alikikataa mara mbili, leo anakisifu kwa kila mgeni. Kifaa cha masikio alikikataa mara mbili, na kimo sikioni mwake sasa hivi. Huyu ni mtu wa Kyoto. Asiposisitizwa, hasemi la moyoni." Akamgeukia mama yake. "Mama, usituhurumie. Si usumbufu. Wakuwekee?"

"Aa-aa, mwanangu. Sitaki, kwa kweli."

Nobuaki akamtazama nesi kama anayemwambia, umeona? Ndiyo hiyo ya pili. Kisha tabasamu likamwishia. Akasogea nyuma, akaweka mikono kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

"Mama," akasema, "baba ulimuuguza wewe peke yako. Mimi nilikuwa nakuja na matunda na kuondoka. Safari hii niruhusu na mimi nikutunze. Nakuomba. Kubali."

Jamani, mtoto wako wa pekee akiinama hivyo mbele ya mgeni, utafanya nini? Bi Fusae alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno la mazoezi, akalikuta lipo palepale kwenye ulimi. Lakini kichwa chake kilishaanza kuinama chenyewe, kama kilivyoinama miaka themanini, na masikio yake yakakisikia kinywa chake kikisema, "Haya basi, kama haitawasumbua."

Kalamu ya nesi ikasimama. "Bibi, una hakika?"

Akisema hana hakika, mwanawe atakuwa ameinama bure mbele ya mtu baki. "Nina hakika, mwanangu," akajibu. "Chai imepoa, nikuongezee?" Huko kwao Kyoto mgeni akiulizwa hivyo huanza kutafuta viatu vyake.

Nesi Ogata akaandika, lakini taratibu, kama mtu anayepanda ngazi asizoziamini. Akaaga akisema, "Karatasi hii si jiwe, Bibi. Unaweza kuibadilisha siku yoyote, saa yoyote." Nobuaki akabaki nusu saa nyingine, mwepesi, mchangamfu, anakula keki na kusimulia habari za lifti iliyokwama na bwana harusi ndani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, na Bi Fusae alipoiona furaha hiyo akazidi kukosa pa kuanzia. Kabla ya kuondoka Nobuaki aliikunja karatasi mwenyewe, akaitia chupani, akaiweka kwenye mlango wa friji, kando ya mayai.

Bi Fusae akatoka verandani kumpungia mkono, kama ilivyo desturi, mpaka mgeni apotee. Sauti ikapanda kutoka chini, ambako Bi Tokiyo alikuwa ananing'iniza figili zake zikauke.

"Vipi? Ulisema?"

"Nilisema."

"Hongera, shoga yangu!"

"Nilisema sitaki. Kisha nikasema nataka."

Chini figili moja ikaanguka.

"Shuka," akasema Bi Tokiyo.

Bi Fusae akashuka ngazi zote huku ameshika kishikio cha ukutani, akamsimulia. Bi Tokiyo alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umekubali mpira kwa adabu? Fusae! Watu hukubali chai kwa adabu! Hukubali keki! Hata mume, najua waliomkubali kwa adabu! Lakini mpira wa tumboni?"

"Aliinama, Tokiyo. Aliinama mpaka chini."

"Heshima si utumwa. Mwite arudi."

"Basi litamwacha."

"Likimwacha litakuja jingine. Mwite!"

"Nitamwandikia barua kesho..."

Bi Tokiyo hakungoja. Akageukia barabara, akajaza kifua hewa ile ya sokoni, akapiga ukelele: "Nobuakiiii! Mama yakooo!" Hakuongeza neno. Wanawake watano wakatoka verandani na nguo mbichi mikononi. Kule kwenye kona, mtu mwenye kipara akageuka, akaanza kukimbia kama hajawahi kuvaa viatu vya ofisini.

Alifika mweupe kama karatasi, tai begani. "Kaanguka? Kaanguka wapi?"

"Hajaanguka. Kaa hapo kwenye benchi, baba, upumue," akasema Bi Tokiyo. Kisha akaingia kwake kwa heshima, akawaacha peke yao, ila dirisha la jikoni akasahau kulifunga.

Nobuaki akakaa, jasho linamtiririka. "Mama, umenitisha. Kuna nini?"

"Ule mpira, Nobuaki. Sitaki."

Akacheka kwa nafuu. "Mama jamani. Hilo si tumeshalimaliza? Nilikuambia si usumbu..."

"Nyamaza."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Nobuaki akaketi wima. Bi Fusae mwenyewe aliogopa kidogo, lakini alijua akiishia hapo hataweza kuanza tena, na atakwenda kulala chali akitazama dari kama Masaharu, na huyu ndiye atakayemlaza.

"Baba yako alipoanguka, walituita kwenye chumba kidogo pale hospitali," akasema. "Daktari akauliza kama awekewe mpira. Nikasema hapana, Masaharu hangependa. Nilisema, Nobuaki, kwa mdomo wangu huu. Kaka yake, baba yako mkubwa, akaniuliza mara ya pili, una maana umwache afe njaa? Nikasema hapana. Wakaniuliza mara ya tatu. Shangazi zako wote wananitazama, daktari anatazama saa. Nikainama. Nikasema haya basi, mnavyoona."

"Hukuniambia," akasema Nobuaki.

"Ulifika kesho yake. Ukaniinamia, ukanishukuru kwa kumwokoa baba yako. Ningesema nini?"

Nobuaki akaishusha tai begani, akaikunjakunja mikononi.

"Aliung'oa mara mbili," Bi Fusae akaendelea. "Kwa mkono wake ule mmoja uliobaki na nguvu. Basi wakamvisha glavu za kitambaa, nene, kama zile za kutolea sufuria motoni, zinafungwa kwa utepe kwenye kifundo cha mkono asiweze kushika kitu. Siku ulizokuwa unakuja nilimvua kabla hujaingia, nikazificha mkobani. Ukitoka, namvisha. Manesi walikuwa na wagonjwa wengi, nikawaambia nitafunga mwenyewe. Nilifunga miaka mitatu. Ananitazama, na mimi nafunga."

"Mimi nilidhani ametulia," akasema Nobuaki. "Kila nikija nilikuona umemshika mkono. Nilikuwa nawaambia watu kazini, wazazi wangu wanapendana."

"Tulikuwa tunapendana. Na mkono nilikuwa nimeushikilia asiung'oe."

Upepo ukazitikisa figili. Jikoni kwa Bi Tokiyo mtu alipenga kamasi kwa kishindo. Nobuaki alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanapanda na kushuka, na Bi Fusae alimwonea huruma mpaka akatamani kuyarudisha maneno yote kifuani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na, kusema kweli, alikuwa anajisikia vizuri. Alijisikia vizuri sana, hata aliona haya.

"Sikia," akasema, na akamwekea mkono mgongoni. "Sitaki kuvishwa glavu. Na zaidi ya hapo, sitaki wewe uwe ndiye wa kuzifunga. Utazifunga vizuri, nakujua, wewe ni mtu wa makini. Halafu hutalala usingizi tena maisha yako yote. Nikishindwa kula, nilowesheni midomo kwa maji, mnilaze chumbani kwangu, ufungue dirisha nimsikie huyu Tokiyo akigombana na watu, na wewe ukae karibu. Hicho ndicho ninachotaka, na nesi akija ndicho tutakachoandika upya."

Neno lilikuwa limetoka. Nataka! Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeaibika, na wanawake wa verandani walikuwa wamerudi kuanika nguo zao.

"Mimi nilidhani kukusisitiza ndiyo kukupenda," akasema Nobuaki.

"Ndiyo kunipenda. Nililiona hilo. Ndiyo maana nikakubali, mjinga mimi."

Akacheka huku analia, akajifuta kwa ile tai. Bi Fusae akamwacha atulie, kisha akamwuliza lililokuwa limebaki, ambalo karatasi haikuweza kumwuliza. "Siku hiyo watakuuliza wewe. Daktari atauliza. Baba yako mkubwa yuko hai bado, ana miaka tisini na sauti ileile. Atakuambia unamwua mama yako kwa njaa, mbele ya wote. Utaweza kusema hapana?"

Nobuaki akafikiri. Hakukimbilia kujibu, na hilo Bi Fusae alilipenda.

"Sijui, mama," akasema. "Leo nimekukuta mzima, unanitilia chai, na bado nimekuinamia nikakuomba ukubali. Nikikukuta umelala, hujiwezi... Sijui. Nadhani sitaweza."

"Na mimi sikuweza."

"Basi niambie tena."

"Nikuambie nini?"

"Niambie ulivyosema. Na nikija mwezi ujao niambie, na mwaka mpya niambie, mpaka nizoee kulisikia. Nataka siku hiyo nikisema, niwe nasema ninachokijua, si ninachobahatisha."

"Sitaki mpira, Nobuaki," akasema Bi Fusae.

"Tena."

"Sitaki mpira, mwanangu."

"Na mimi nipo shahidi!" sauti ikatoka dirishani. "Akisahau nitamkumbusha!"

"Wewe una miaka themanini na mitano, Tokiyo!"

"Basi mfundishe haraka!"

Nobuaki akamshika mama yake mkono, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Tena, mama," akasema, na Bi Fusae akamwambia tena, pole pole, kama alivyomfundisha zamani kuhesabu. Basi la saa kumi likapita, na la saa kumi na nusu likapita pia.